Jinsi ya Kuipima Oksidi Inayotarajiwa Kuzalisha Hidrojeni kwa Joto la Jua

Maji hayavunjiki kirahisi kwa joto peke yake. Anayetaka kuyatenganisha moja kwa moja kuwa hidrojeni na oksijeni anahitaji zaidi ya nyuzi 2,200 za Selsiasi, na hata akifika huko gesi hizo mbili humtokea zikiwa zimechanganyika, tayari kurudiana au kulipuka. Ndiyo sababu watafiti huweka oksidi ya metali katikati. Oksidi hiyo ikipashwa joto kali la jua lililokusanywa kwa vioo huachia sehemu ya oksijeni yake, na ikipozwa kidogo kisha kupitishiwa mvuke hujirudishia oksijeni ile kutoka kwenye maji, hivyo kinachosalia katika mvuke ni hidrojeni. Gesi mbili hutoka kwa nyakati mbili tofauti, na oksidi yenyewe hubaki palepale ikingoja mzunguko unaofuata.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi au mtafiti anayeanza, mwenye tanuri la umeme na chupa chache za gesi, ambaye bado hajapata vioo vya kukusanya jua. Asivunjike moyo kwa kukosa vioo, kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti wa malighafi hizi hufanyika ndani ya maabara, na tanuri ndilo linalosimama badala ya jua. Jambo moja naomba lishikwe tangu mwanzo, kwa sababu limewapotezea wengi miezi ya kazi: oksidi nzuri si ile inayoachia oksijeni nyingi tu, bali ile inayoweza pia kuirudisha kutoka kwenye mvuke kidogo. Vipimo vyote vinavyoelezwa hapa vimepangwa ili jambo hilo lionekane mapema, kabla mtafiti hajaipenda sampuli yake kupita kiasi.

Elewa kwanza unapima nini

Katika hatua ya kwanza sampuli hupashwa hadi nyuzi kati ya 1,350 na 1,500 ndani ya gesi ajizi, yaani isiyoungana na vitu vingine, kwa kawaida agoni, na baadhi ya atomu za oksijeni hutoka katika fuwele zake. Katika hatua ya pili joto hushushwa hadi kati ya 800 na 1,100, mvuke hupitishwa, na nafasi zilizoachwa wazi hujazwa tena. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1977 Nakamura alipendekeza kutumia oksidi za chuma, lakini oksidi ya chuma iliyokwisha kupoteza oksijeni huyeyuka na kugandamana katika joto lile lile linalohitajika. Mwaka 2006 Stéphane Abanades na Gilles Flamant, wakitumia tanuri la jua nchini Ufaransa, walionyesha kwamba oksidi ya seriamu, inayoitwa seria, inaweza kufanya kazi hiyo. Mwaka 2010 kundi la William Chueh, Sossina Haile, ambaye ni mzaliwa wa Ethiopia, na Aldo Steinfeld lilionyesha kwamba si lazima seria ivuliwe oksijeni hadi ibadilike umbo. Inatosha kuitoa kidogo tu, fuwele ikabaki ileile, na kwa njia hiyo waliizungusha seria mara 500.

Kiasi cha oksijeni kilichotoka huandikwa kwa herufi ya Kigiriki delta. Seria kamili ni CeO2, na ikishapoteza oksijeni huandikwa CeO2−δ. Delta ya 0.03 maana yake ni kwamba kwa kila atomu mia moja za seriamu, nafasi tatu za oksijeni zimebaki wazi. Yafaa kuipigia hesabu namba hiyo hadi mwisho ili kuona ukubwa wa kazi iliyopo. Moli moja ya seria ina gramu 172.1, kwa hiyo gramu moja ikifikia delta ya 0.03 hupoteza miligramu 2.8 tu za oksijeni, na ikirudishiwa zote kutoka kwenye mvuke hutoa mikromoli 174 za hidrojeni, yaani takriban mililita 3.9, ujazo usiojaza hata kijiko cha chai. Kilo moja ya hidrojeni ingehitaji tani 2.85 za seria zipitie mzunguko mmoja. Hapo ndipo hamu ya kutafuta oksidi nyingine inapoanzia, na hapo hapo ndipo mtego ulipo.

Anza na seria, hata kama hutaki kuitafiti

Kabla ya kutengeneza kitu chochote kipya, pima seria kwa vifaa vyako mwenyewe, kwa mikono yako mwenyewe. Tabia zake zimepimwa na maabara nyingi kwa miongo kadhaa, kwa hiyo ikiwa namba zako za seria hazikaribiani na zinazojulikana, kosa liko katika vifaa vyako au katika hesabu yako, na ni heri kuligundua sasa kuliko baada ya kutangaza malighafi mpya. Baada ya hapo seria huwa kipimo cha kulinganishia: kila sampuli mpya ipimwe katika bomba lilelile, kwa mtiririko uleule wa gesi, na majibu yawekwe kando ya yale ya seria.

Unga wa seria wa usafi wa asilimia 99.9 unatosha. Seriamu ni nyingi kuliko wenzake wote katika kundi la metali zinazoitwa adimu, na hata Afrika Mashariki inapatikana katika miamba ya Ngualla nchini Tanzania, Mrima nchini Kenya na Gakara nchini Burundi, ingawa kati ya mwamba na unga safi kuna kazi ndefu ya kutenganisha. Changanya unga huo na wanga kidogo, ugandamize kuwa vidonge vyembamba, kisha uvipashe polepole katika hewa hadi nyuzi 600 ili wanga uungue na kuacha vitundu ambavyo mvuke utapitia. Baadaye panda hadi 1,500 na ushikilie hapo kwa saa nne au zaidi. Sababu ya kupasha hadi joto la juu kabisa utakalotumia ni rahisi: kidonge ambacho hakijawahi kufika 1,500 kitasinyaa wakati wa jaribio, eneo lake la uso litapungua, na utadhani malighafi imechoka ilhali ni umbo tu linalotulia.

Vidonge vikiwa tayari huwa na rangi ya manjano hafifu, kama malai. Baada ya kuvipasha katika agoni na kuvipoza humo humo bila kuingiza hewa, vitoe uvitazame: vitakuwa vimegeuka samawati iliyokolea, karibu na nyeusi. Virudishe katika tanuri lenye hewa, na manjano ile itarudi. Mwanafunzi aliyeiona rangi hiyo ikigeuka na kurudi haisahau delta tena, kwa maana ameiona kwa macho.

Kutengeneza oksidi mpya

Kundi linalotafitiwa zaidi baada ya seria ni perovskaiti, oksidi zenye metali za aina mbili zilizopangwa katika fuwele ambayo huvumilia kubadilishiwa metali moja kwa nyingine. Mwaka 2013 Anthony McDaniel na wenzake walichapisha matokeo ya perovskaiti ya lanthanamu, strontiamu, manganisi na alumini ambayo, ilipovuliwa oksijeni kwenye nyuzi 1,350, ilitoa hadi mara tisa ya hidrojeni iliyotolewa na seria katika hali hiyo hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani walichuja kwa kompyuta michanganyiko 5,329 na kubakiza 139 iliyoonekana kufaa. Kompyuta huonyesha pa kuchimba. Bado mtu lazima apime, achanganye na kuchoma.

Kwa mazoezi nashauri La0.6Sr0.4MnO3, perovskaiti ya lanthanamu, strontiamu na manganisi. Haitakuwa malighafi ya kiwanda, lakini hutengenezeka kwa urahisi na itakufundisha somo lote la mwongozo huu. Ili kupata gramu 10, pima gramu 11.74 za nitrati ya lanthanamu yenye molekuli sita za maji, gramu 3.83 za nitrati ya strontiamu, na gramu 11.34 za nitrati ya manganisi yenye molekuli nne za maji. Yeyusha zote katika maji yaliyotoneshwa, uongeze gramu 28.5 za asidi ya sitriki yenye molekuli moja ya maji, ile asidi inayozipa ndimu ukali wake, kisha gramu 19 za ethilini glaikoli. Asidi hushika atomu za metali moja moja na glaikoli huziunganisha kuwa utando mmoja mzito, ndiyo maana metali zote hubaki zimechanganyika vizuri kuliko kama ungesaga unga kwa kinu na mchi.

Hapa pana kosa linalowapata wengi, hasa wanaofanya kazi pwani. Nitrati ya manganisi hunyonya maji ya hewani kwa pupa, na huyeyuka kwenye nyuzi 37 tu, hivyo mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, chumba kikiwa hakina kipoza hewa, fuwele zake za waridi hugeuka uji juu ya karatasi ya kupimia kabla hujaandika namba. Maandishi ya chupa yanasema molekuli nne za maji, lakini chupa iliyofunguliwa mara kumi haina tena nne. Dawa yake ni kuiyeyusha nitrati yote katika maji mara tu inapofunguliwa, kisha kuchukua kiasi kilichopimwa cha maji hayo, kukausha na kuchoma kwenye nyuzi 700 hadi uzito usibadilike, na kupima oksidi iliyobaki, ambayo katika joto hilo ni Mn2O3. Kutokana na uzito huo utajua kwa hakika kila gramu ya mchanganyiko wako ina manganisi kiasi gani. Fanya vivyo hivyo kwa lanthanamu, ukikumbuka kwamba oksidi yake nayo hunyonya unyevu na kaboni dioksidi inapopoa, kwa hiyo ipimwe mara tu inapotoka katika joto.

Chemsha mchanganyiko kwa moto mdogo kwenye nyuzi 80 huku ukikoroga, hadi uwe mzito kama asali, kisha ongeza joto taratibu. Utafura na kupanda mara kadhaa ya ujazo wake, kwa hiyo chombo kiwe kikubwa, na gesi ya rangi ya kahawia itatoka, nayo ni oksidi za naitrojeni zenye sumu. Kazi hii isifanyike nje ya kabati la kunyonya hewa, wala kwa kiasi kikubwa kwa mara moja, kwa sababu nitrati na vitu vya kaboni vikikauka pamoja vinaweza kushika moto ghafla. Sifongo jeusi litakalobaki lisage, ulichome kwenye nyuzi 1,000 kwa saa sita, kisha ugandamize vidonge na kuvipasha hadi 1,400.

Usiviweke vidonge hivyo moja kwa moja juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini inayotengenezewa vikombe na mabomba ya tanuri. Lanthanamu na strontiamu huingiliana na alumina katika joto kali, na utakuta kidonge kimegandana na kikombe na mchanganyiko wake umebadilika. Tumia platinamu, au weka kidonge juu ya tabaka la unga wake mwenyewe. Baada ya hapo kipeleke kwenye difraksheni ya eksirei, kipimo kinachoonyesha kwa mistari sampuli ina fuwele za aina gani. Mistari yote iwe ya perovskaiti. Ukiona hata mstari mmoja mdogo wa oksidi nyingine, rudi kwenye mizani kabla ya kuendelea. Kwa seria, mstari wake mkubwa kwa eksirei ya shaba uko kwenye pembe ya nyuzi 28.5, nao ni njia rahisi ya kuhakiki chombo.

Kupima oksijeni inayotoka

Kipimo cha kwanza ni mizani iliyo ndani ya tanuri, inayorekodi uzito huku joto likipanda. Weka sampuli ya miligramu 100 hadi 200, ipashe kwanza katika hewa hadi 1,000 ili unyevu na gesi zilizonaswa zitoke, kisha ingiza agoni na upande hadi joto la juu. Uzito ukiacha kushuka na mstari ukawa tambarare, umefikia kikomo cha hali hiyo. Ukishuka bado, hujapima uwezo wa malighafi bali kasi yake, na mambo hayo mawili yasiandikwe kama kitu kimoja. Delta hupatikana kwa kuzidisha uzito uliopotea kwa uzito wa moli ya oksidi, kisha kugawanya kwa zao la uzito wa sampuli na 16.

Sehemu ngumu ni kwamba mizani husema uongo kidogo. Gesi baridi ni nzito kuliko gesi ya moto, na agoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kikombe kitupu huonekana kikibadilika uzito joto linapopanda au gesi inapobadilishwa, hata kama hakina kitu. Badiliko hilo linaweza kufika sehemu kubwa ya miligramu unayoitafuta. Rudia jaribio zima, dakika kwa dakika, ukiwa umeweka alumina ya ujazo unaolingana na sampuli, kisha toa mstari huo kwenye mstari wa sampuli. Nimekuta matokeo yaliyotolewa bila hatua hii, na hakuna namna ya kuyaokoa baadaye.

Agoni yenyewe nayo ina oksijeni. Hata ile ya usafi wa asilimia 99.999 huwa na sehemu chache kati ya milioni, na kiasi hicho ndicho kinachoamua delta itakuwa kubwa kiasi gani, kwa kuwa oksidi huachia oksijeni kwa kadiri nje ilivyo na uhaba. Weka kihisi oksijeni cha zirkonia kwenye njia ya kutokea na uandike namba yake pamoja na kila delta. Joto lisiloandikiwa oksijeni yake ni nusu ya taarifa.

Kupitisha mvuke

Kipimo cha pili hufanyika katika bomba la alumina lililolazwa ndani ya tanuri. Sampuli ya gramu moja au mbili huwekwa katikati, agoni huingia upande mmoja kwa kidhibiti mtiririko, na gesi hutoka upande wa pili ikipitia kipozeo kinachogandisha mvuke kuwa maji, kisha kikaushi, kisha kromatografia ya gesi au spektromita inayopima hidrojeni. Mvuke hupatikana kwa kupitisha agoni katika chupa ya maji ya moto. Maji yakiwa kwenye nyuzi 60, takriban sehemu moja kati ya tano ya gesi itakayotoka itakuwa mvuke. Yakiwa kwenye 80, ni karibu nusu. Neli yote kutoka chupani hadi kwenye tanuri ifungwe mkanda wa joto na ishikwe juu ya nyuzi 110, kwani tone moja likiganda njiani kisha likaingia katika bomba lenye nyuzi 1,000, utaona mruko wa hidrojeni usio na maana yoyote, na bomba lenyewe laweza kupasuka.

Alumina haipendi haraka. Panda na ushuke kwa nyuzi tatu hadi tano kwa dakika, si zaidi. Tatizo ni umeme, ambao hauombi ruhusa kukatika. Nilikuwapo siku moja umeme ulipokatika tanuri likiwa juu ya nyuzi 1,300: gesi ndani ya bomba ilipoa na kusinyaa, ikavuta maji kutoka chupa ya kutokea, na maji yale yalipogusa sehemu ya moto, bomba likapasuka vipande viwili pamoja na sampuli ya wiki tatu. Tangu hapo huweka chupa tupu, kubwa kuliko ujazo wa maji yote, kila upande wa tanuri, ili maji yakivutwa yaishie humo, na kidhibiti cha agoni hukiunganisha na betri ya akiba. Chupa mbili tupu hazigharimu kitu.

Kabla ya sampuli, fanya jaribio zima bomba likiwa na vipande vya alumina peke yake. Usistaajabu ukiona hidrojeni. Chuma chekundu kwa moto huvunja maji bila msaada wa seria; mkemia Mfaransa Lavoisier alilionyesha hilo katika miaka ya 1780 kwa kupitisha mvuke katika mtutu wa bunduki uliopashwa joto. Kipande chochote cha chuma kilicho karibu mno na sehemu ya moto, iwe kishikio cha themokapo, yaani waya za kupimia joto, au kiungio cha neli, kitakutolea hidrojeni isiyo ya kwako. Mafuta ya vidole na mabaki ya kaboni katika sampuli nayo hufanya hivyo, ila hayo hujitaja kwa kutoa kaboni monoksidi pamoja. Ondoa chuma mahali pa moto, choma bomba katika hewa, urudie hadi mstari uwe tambarare.

Ukaguzi mkuu ni wa uwiano. Kila moli moja ya oksijeni iliyotoka katika hatua ya kwanza lazima ifuatwe na moli mbili za hidrojeni katika hatua ya pili, ikiwa oksidi imerudi ilivyokuwa. Hidrojeni ikizidi, kuna chanzo kingine. Ikipungua, ama hewa inavuja na kuijaza oksidi kabla ya mvuke, ama oksidi imeshindwa kujirudisha, na kati ya hayo mawili uvujaji uchunguzwe kwanza. Hidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Kiasi cha maabara ni kidogo, lakini njia ya kutokea iongozwe nje ya jengo.

Swali la mvuke

Sasa tumefika pale ambapo La0.6Sr0.4MnO3 itakufundisha. Ukiipima kwenye mizani utafurahi, kwa kuwa katika nyuzi 1,350 itaachia oksijeni nyingi kuliko seria. Ukiipitishia mvuke mwingi itatoa hidrojeni. Lakini tazama mstari: utapanda, utashuka, kisha utaburuta mkia mrefu, na uwiano hautafika mbili kwa moja katika muda uleule ambao seria imemaliza kazi. Oksidi inayoachia oksijeni kwa wepesi haina haja kubwa ya kuirudisha. Kuvunja moli moja ya mvuke huhitaji takriban kilojuli 250, na oksidi ambayo nguvu yake ya kuvuta oksijeni imekaribia namba hiyo haina cha kuisukuma kazi mbele. Seria huhitaji karibu kilojuli 475 kwa kila moli ya atomu za oksijeni zinazong'olewa, ndiyo maana ni ngumu kuivua na nyepesi kuivika. Malighafi inayotafutwa iko mahali fulani katikati.

Ili kuona hili bila kujidanganya, usipime kwa mvuke safi pekee. Changanya hidrojeni kidogo katika mvuke unaoingia, kwa uwiano wa mvuke 1,000 kwa hidrojeni 1, kisha 300 kwa 1, kisha 100 kwa 1, na kila mara angalia kama oksidi bado inaongeza hidrojeni juu ya ile uliyoingiza. Oksidi inayofanya kazi kwa 1,000 na kukoma kwa 300 inahitaji zaidi ya moli 300 za mvuke ili itoe moli moja ya hidrojeni. Piga hesabu ya gharama yake. Kuyapasha maji kutoka nyuzi 25 hadi mvuke wa nyuzi 1,000 kunahitaji takriban kilojuli 82 kwa moli. Hata moli 100 tu za mvuke zinahitaji kilojuli 8,200, wakati moli ya hidrojeni ikichomwa inarudisha 242 tu. Hata ukiokoa asilimia 90 ya joto la mvuke huo, umetumia 820 kupata 242, na bado hujalipia joto la kuipasha oksidi yenyewe.

Nalo si dogo. Seria huchukua takriban juli 80 kwa kila moli kwa kila nyuzi inayopanda. Kuitoa 900 hadi 1,500 ni kilojuli 48 kwa moli, na kwa delta ya 0.03 hiyo ni kilojuli 1,600 kwa kila moli ya hidrojeni. Hapa perovskaiti zina nafasi ya haki ya kushinda, kwa kuwa delta kubwa hugawa mzigo huo, na joto la juu likiwa dogo tanuri hupoteza kidogo. Kwa hiyo usiikatae oksidi kwa sababu ya mvuke peke yake, wala usiikubali kwa sababu ya delta peke yake. Andika jumla ya joto lote kwa kila moli ya hidrojeni, kisha linganisha. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti nchini Marekani kilichapisha matokeo ya BaCe0.25Mn0.75O3, perovskaiti ya bariamu, seriamu na manganisi, na sababu iliyofanya izungumzwe ni kwamba iliendelea kutoa hidrojeni hata mvuke ulipokuwa umekwisha kuchanganyika na hidrojeni, jambo ambalo perovskaiti nyingi zilizotangulia zilishindwa.

Kurudia, na kulikaribia jua

Mizunguko mitano haitoshi. Fanya angalau hamsini kabla ya kusema oksidi ni imara, na baada ya kila kumi rudia eksirei na upime uzito baridi. Uzito unaopungua polepole ni dalili kwamba kitu kinageuka mvuke na kuondoka. Manganisi hufanya hivyo, na hata seria yenyewe katika joto lililo juu ya 1,600. Tazama pia sehemu baridi ya bomba: ukiona utando wa rangi pale, ndiko sampuli yako inakokwenda. Oksidi zenye bariamu zisiachwe wazi, kwani hushika kaboni dioksidi ya hewani na kuwa kabonati.

Tanuri la umeme halitakuonyesha jambo moja, nalo ni namna mwanga unavyopasha upande mmoja tu wa kidonge. Katika jua halisi uso huweza kuwa na nyuzi 1,500 huku ndani kukiwa na pungufu kwa mamia, na ndiyo maana watafiti wa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, walianza kuifinyanga seria kama sifongo lenye matundu makubwa, mwanga uingie ndani. Mwaka 2017 walifikisha asilimia 5.25 ya nishati ya mwanga kuwa mafuta, kwa kuvunja kaboni dioksidi, na mwaka 2022 ilitangazwa mitambo ya mnara wa jua iliyojengwa Móstoles, Hispania, ikitumia seria hiyo, kwa asilimia 4.1. Mwenye nia ya kufikia hatua hiyo katika nchi zetu achague mahali kwa kipimo cha mwanga unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua, si jumla ya mwanga wote wa anga, kwa sababu vioo haviwezi kukusanya mwanga uliotawanywa na mawingu au ukungu wa pwani. Uwanda mkavu wa bara, kama ule wa Dodoma na Singida au Turkana, una nafasi nzuri zaidi.

Mwisho wa kazi ya siku ni daftari. Kwa kila mzunguko andika joto la hatua zote mbili, kasi ya kupanda na kushuka, kiasi cha oksijeni katika agoni, uwiano wa mvuke na hidrojeni ulioingia, muda uliosubiri, oksijeni iliyotoka na hidrojeni iliyofuata, pamoja na jaribio tupu la siku hiyo hiyo. Jaribio lililoshindwa nalo liandikwe kwa ukamilifu uleule, kwa kuwa anayekuja baada yako atataka kujua perovskaiti gani haikujirudisha na kwa uwiano gani wa mvuke ilikoma. Kidonge chenyewe kihifadhiwe katika chupa iliyofungwa, kikiwa na namba ya mzunguko wa mwisho juu ya lebo.